Okidi ya nukta nyekundu: shajara ya kitalu nyumba, Tengeru

14 Novemba 2021

Chupa imefika leo jioni. Imesafiri kwa basi kutoka Nairobi kupitia Namanga, ndani ya ndoo ya rangi iliyojazwa magazeti, na jeli haikuvurugika. Nimeiweka juu ya meza ya jikoni, nikawasha tochi ya simu na kuhesabu kupitia kioo: miche 22. Kila mmoja una majani mawili au matatu, hakuna lililozidi ukucha wa kidole changu cha mwisho.

Ni Aerangis luteoalba var. rhodosticta. Miaka miwili iliyopita niliikuta imechanua kwa rafiki yangu Nairobi, imening'inia kwenye kijiti chembamba kama kalamu. Shada la maua meupe ya maziwa, safu mbili, yote yametazama upande mmoja, na katikati ya kila ua kuna nukta nyekundu kama tone la damu. Jina lenyewe linasema hivyo, maana rhodosticta ni Kigiriki cha "yenye nukta nyekundu". Nilisimama pale mpaka chai niliyoandaliwa ikapoa.

Asili yake ni huku kwetu: Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia, na kuelekea magharibi hadi Kameruni. Huota kwenye vitawi vyembamba vya miti na vichaka, mara nyingi kandokando ya mito, penye kivuli na ukungu. Lakini ukiitoa hapo na kuileta nyumbani, inakufia. Imewafia wengi, wakiwemo watu wanaojua okidi kuliko mimi.

Sikutaka hata mche mmoja wa kubanduliwa msituni. Okidi zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na hata kama zisingelindwa, vichaka vya kando ya mito vinakatwa kila siku bila mimi kwenda kuongeza mkono wangu. Hii imeoteshwa kwa mbegu. Mbegu ya okidi ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula ndani yake. Porini haioti mpaka ikutane na kuvu wa kuilisha. Mwaka 1922 Lewis Knudson, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alionyesha kwamba inaweza kuota bila kuvu, ikipewa sukari na madini kwenye jeli ya agari ndani ya chupa isiyo na vijidudu. Karibu miaka mia baadaye, jeli hiyo hiyo iko mezani kwangu Tengeru.

20 Novemba 2021

Kitalu nyumba kimekamilika. Kina mita 3 kwa 4, nguzo za mirunda, nailoni juu, na chini ya nailoni neti ya kivuli tabaka mbili kwa sababu okidi hii haitaki jua la moja kwa moja. Sakafu ni changarawe, ili nikiimwagia maji mchana hewa ipate unyevu. Feni ndogo mbili zinazunguka mchana na usiku.

Nimefungua chupa asubuhi. Nimemimina maji ya uvuguvugu, nikatikisa taratibu, na miche ikatoka ikiwa imeshikana mizizi kama nywele. Kazi ya kuosha jeli imenichukua saa mbili na nusu, kwa brashi laini ya rangi za maji za binti yangu. Jeli ikibaki na sukari yake, ukungu unaipata siku ya pili. Nimeilaza juu ya makumbi ya nazi yaliyochemshwa, ndani ya trei ya plastiki yenye mfuniko. Kila mche una namba yake, 1 hadi 22, nimeandika kwa penseli kwenye vipande vya kopo la mtindi. Penseli haifutwi na maji kama kalamu.

9 Januari 2022

Imebaki 19. Mitatu imeoza shingo wiki mbili za kwanza, kabla sijaanza kufungua mfuniko kidogo kidogo kila siku. Hiyo ni kawaida kwa miche ya chupa na sikuhuzunika sana.

27 Februari 2022

Sasa nahuzunika. Imebaki 17, na karibu yote ina ncha za majani zilizogeuka kahawia. Mizizi mipya inatoka na ncha ya kijani safi, inakwenda milimita tano, inakauka. Nimepunguza mbolea, nimeacha kabisa, hali ni ile ile.

Jana mwalimu wa sekondari jirani yangu aliniazima kipimo cha chumvi za maji. Maji yangu ya bomba: 460. Maji ya mvua niliyokuwa nimehifadhi kwenye dumu: 9.

Nilipaswa kulijua hili bila kipimo. Mtu aliyekulia chini ya Mlima Meru anajua maji yetu. Yanaonekana mdomoni mwetu. Yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba magadi na floridi, ndiyo maana wengi wetu tuna meno ya kahawia tangu utotoni. Shirika la Afya Duniani linataka floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vijiji vya huku vinavyozidi hapo mara nyingi. Jirani alinishauri nitumie chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, lile wanalolishughulikia kituo cha Ngurdoto cha kuondoa floridi kwenye maji. Kwa maji ya kunywa ni jambo jema sana, linaokoa meno na mifupa ya watoto. Lakini linakamata floridi, magadi yanapita. Kwa mmea ambao mizizi yake iko hewani, chumvi ndiyo adui. Kila unapomwagia, maji yanakauka na chumvi inabaki juu ya mzizi, kesho unaongeza nyingine.

20 Machi 2022

Masika yamefungua. Nimefunga mfereji wa bati kwenye paa la nyumba na kuuelekeza kwenye tangi la lita 1,000. Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Upande wa paa ninaoutumia una mita za mraba 40, kwa hiyo mvua moja ya milimita 25 inalijaza tangi. Natumia lita tatu hadi nne kwa siku. Tangi likijaa mwezi wa tano, linanivusha kipupwe chote mpaka vuli. Mvua ya kwanza naiacha imwagike, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Tangu leo okidi hizi hazinywi maji ya bomba. Bomba ni la changarawe.

16 Julai 2022

Mizizi imerudi. Namba 4 ina mzizi wa sentimita tatu, mnene, wa kijivu, na ncha yake inang'aa kijani kama imepakwa mafuta.

Imefika wakati wa kuitoa kwenye trei. Okidi hii haipendi chungu. Mizizi yake imeumbwa kukumbatia gome, kulowa na kukauka ndani ya saa chache. Ganda la nje la mzizi ni kama sifongo nyeupe: likinywa maji linageuka kijani, likikauka linarudi kijivu, na huo ndio mfumo wangu wa kujua kiu yake. Kwenye chungu mzizi unabaki kijani siku tatu, na siku ya nne umeoza.

Nimechukua matawi makavu ya mibuni kwa baba. Gome la mbuni ni la kukwaruza, halibanduki kirahisi, na unene wake ndio ule ule wa vitawi vya porini. Nimeifunga 9 mikubwa kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, na uzi mwembamba wa makumbi chini ya mizizi. Ile 8 midogo bado iko kwenye trei.

11 Septemba 2022

Kuna jambo baya. Ile 9 iliyo kwenye matawi inarudi nyuma. Kila mzizi ulipogusa gome ncha imekuwa nyeusi. Siyo kuoza, haina majimaji wala harufu. Ni nyeusi na kavu, kama kijiti cha kiberiti kilichozimwa. Mizizi iliyobaki hewani bila kugusa gome ni mizima. Ile 8 ya kwenye trei, kwa maji yale yale na mbolea ile ile, inastawi.

Namba 7 na 15 zimekufa. Namba 2 imebaki na jani moja.

13 Septemba 2022

Nimempigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Baba, yale matawi ya mibuni niliyochukua kwenye kibanda cha kuni, yalitoka wapi?"

"Shamba la chini. Ile mibuni mizee tuliyoing'oa."

"Ulikuwa unaipiga dawa?"

"Mibuni ile imekunywa mrututu tangu wewe hujazaliwa. Tulikuwa tunabeba pampu mgongoni kila mvua zikikaribia. Bila mrututu, ule ugonjwa wa chulebuni ungetuachia nini? Na kutu ya majani nayo?"

Nikanyamaza. Akaniuliza kama nipo.

Mrututu ni shaba. Inaua kuvu wa kahawa, na haiozi wala haipotei. Inakaa kwenye gome mwaka baada ya mwaka. Kwa ncha ya mzizi wa okidi iliyojibandika hapo hapo, iliyo laini na isiyo na udongo wa kuikinga, ni sumu. Shaba iliyonisomesha mimi kwa hela ya kahawa ndiyo inayoua miche yangu. Nilipomweleza, baba alikaa kimya, kisha akasema, "Nenda kwenye mfereji wa juu. Kuna mibuni iliyojiotea kule, ndege ndio walioipanda. Ile hakuna aliyewahi kuipiga kitu."

18 Septemba 2022

Nimekwenda kwenye mfereji na baba mwenyewe, akiwa na panga na kofia yake ya shambani. Ni kweli, kuna mibuni mirefu myembamba iliyojificha chini ya mringaringa. Amechagua matawi yaliyokufa yenyewe, akiyagonga kwa mgongo wa panga kusikiliza kama yana mchwa. Ninapenda alivyofanya hivyo. Alikuwa akisikiliza kila tawi kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto.

Nimeyachemsha kwenye sufuria kubwa ya ubwabwa wa sherehe, nikayaanika siku nzima, na jioni nikahamisha mizizi iliyobaki, ncha kwa ncha. Kati ya ile 9 zimekufa nne jumla. Tano ziko kwenye matawi mapya, na ile nane ya trei imeungana nazo. Jumla 13.

5 Februari 2023

Miezi mitano bila ncha nyeusi hata moja. Namba 4 imezungusha mzizi nusu ya tawi na kujibandika kiasi kwamba nikiuvuta kidogo kwa ukucha, tawi zima linainuka.

Naandika ratiba ninayofuata sasa, kwa sababu nimeibadilisha mara nyingi na hii ndiyo iliyotulia. Saa kumi na mbili asubuhi nanyunyiza mpaka mizizi iwe kijani yote. Saa tano narudia kama ni siku ya jua. Saa nane namwagia changarawe tu. Baada ya saa kumi jioni hakuna tone linaloingia. Majani yanatakiwa yalale makavu. Mbolea ya maji ni robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa wiki, na kesho yake maji matupu ya kuosha. Unyevu wa hewa asubuhi ni asilimia 85 hadi 90. Mchana wa kiangazi unashuka hadi 60, ukiwa chini ya hapo mizizi inasimama kukua.

Hewa ni muhimu kama maji. Jina la ukoo wake, Aerangis, lililotolewa na Reichenbach mwaka 1865, limetokana na maneno ya Kigiriki ya "hewa" na "chombo". Kwenye kona ambayo feni haifiki, namba 19 ilipata madoa meusi ya kuvu ndani ya siku nne. Niliihamisha mbele ya feni, madoa yakakoma.

2 Julai 2023

Kipupwe cha mwaka huu ni kikali. Kipimajoto kimeonyesha nyuzi 10 usiku wa juzi. Kisha umeme ukakatika usiku kucha, feni zikasimama, na matone ya ukungu yaliyojikusanya kwenye nailoni yakadondoka.

Namba 12 na 21 zimeoza kitovu, pale majani yanapokutana. Ukivuta jani linatoka kama limekatwa kwa kisu, chini yake ni rangi ya chai. Nimepaka unga wa mdalasini, kama wengi wanavyoshauri, lakini uozo ukishafika kitovuni mdalasini hausaidii. Mmea huu una shina moja tu na kitovu kimoja.

Kosa ni langu, niliyafunga matawi yakiwa yamesimama, majani yakitazama juu kama kikombe. Porini hayaoti hivyo. Yananing'inia ubavu ubavu au kuelekeza kichwa chini, na maji yanachirizika kwenye ncha ya jani. Leo nimegeuza yote. Nimeongeza na betri ya gari ya kuendesha feni umeme ukikosekana. Jumla sasa ni 11.

24 Desemba 2023

Hakuna jipya, na hilo ndilo nililokuwa naliomba. Zote 11 zina mizizi mipya. Namba 4 ina majani saba, refu kuliko yote lina sentimita tisa.

18 Agosti 2024

Namba 4 ina kikonyo cha maua!

Mwanzoni nilidhani ni mzizi. Kimetoka chini ya jani la tatu, kijani iliyochanganyika na kahawia, lakini ncha yake imechongoka na ina magamba madogo. Mzizi ncha yake ni ya mviringo. Nimemwita mke wangu, nikamwita binti yangu, tumekitazama kwa zamu kupitia kioo cha kukuzia.

6 Septemba 2024

Kikonyo kilikuwa na sentimita saba na matumba 11 madogo kama punje za mtama. Leo asubuhi kimebaki sentimita moja. Kuna utepe unaong'aa umepita juu ya waya, juu ya tawi, juu ya majani, mpaka pale kilipokatwa.

Koa. Nimempata chini ya trei saa tatu usiku kwa tochi, si mkubwa kuliko punje ya maharage. Miaka mitatu nasubiri ua hili, amelila kwa usiku mmoja. Sikuweza kula chakula cha jioni.

10 Septemba 2024

Nimezungushia pamba kavu kwenye kila waya wa kuning'inizia, kipande kinene kama kidole gumba. Koa hapendi kupita kwenye nyuzi kavu zinazomgandia tumboni. Pamba ikilowa nabadilisha. Kila usiku saa tatu nazunguka na tochi, na binti yangu amejitwika kazi ya kuhesabu: usiku wa kwanza sita, wa pili wanne, jana mmoja.

30 Machi 2025

Vikonyo vitatu. Namba 4, namba 11 na namba 18. Kila nikiingia asubuhi natazama pamba kwanza, ndipo natazama maua.

4 Mei 2025

Limefunguka.

Ua la kwanza la namba 11 lilianza juzi alasiri, likiwa limekunjika na rangi ya kijani hafifu. Jana lilikuwa la malai. Leo limetandaza petali zake zote bapa, upana sentimita tatu, na weupe wake si ule wa karatasi; ni weupe wa tui zito la kwanza. Ukilisogeza karibu na jicho unaona chembechembe zinazometa kama zimenyunyiziwa sukari. Nyuma yake unashuka mkia mwembamba uliojikunja kidogo, na ukiutazama dhidi ya mwanga unaona mbochi, maji matamu ya ua, ndani yake, imejaa hadi robo. Na katikati, kwenye nguzo ya ua, kile kijiti kifupi kinachobeba chavua, hiyo nukta. Niliikumbuka kama tone la damu. Kwa karibu ni nyekundu zaidi ya hapo na ina kina, kama punje ya komamanga.

Baba amekuja mchana. Ameacha viatu mlangoni ingawa sakafu ni changarawe. Ameinama mbele ya tawi muda mrefu, mikono nyuma, kisha akauliza, "Hili ni tawi la kule mferejini?" Nikamwambia ndiyo. Akaligusa tawi, siyo ua.

17 Mei 2025

Namba 11 ina maua 9, namba 4 ina 14, namba 18 ina 6. Zote tatu zimechanua pamoja.

Leo nimechavusha. Nimechonga kijiti cha meno, nikanyanyua kifuniko kidogo kilicho kwenye ncha ya nguzo ya ua la namba 4, na vidonge viwili vya chavua vikatoka vimenata kwenye ncha ya kijiti, vya njano, kila kimoja kidogo kuliko kichwa cha sindano. Nimevipeleka kwenye ua la tatu la namba 11 na kuvibandika kwenye shimo linalonata chini ya nguzo. Mkono ulinitetemeka, nikarudia mara mbili. Nimechagua mimea miwili tofauti ili miche ijayo isiwe ya mzazi mmoja. Nimefunga uzi mwekundu na tarehe.

26 Mei 2025

Maua mengine bado yamekunjuka kama yalivyokuwa. Lile lenye uzi mwekundu limefumba siku ya pili tu baada ya kuchavushwa, petali zimelegea na kugeuka rangi ya karatasi ya zamani, na nyuma yake kikonyo kimeanza kunenepa. Nimekipima kwa uzi: asubuhi hii kina unene mara mbili ya cha jirani yake.

Nimebadilisha pamba ya waya wake. Kisha nimemwandikia rafiki yangu wa Nairobi aniandalie chupa.